Habari ziwafikie popote walipo



Yako maneno matano ambayo kila aliyewahi kukaa mbali na kwao anayajua na anayaogopa: "Njoo haraka, mama anaumwa sana." Anayeyapokea haulizi mama anaumwa nini, wala amelazwa hospitali gani. Anakaa chini kwanza. Kisha anauliza swali moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Niambieni ukweli, yupo?" Na anajibiwa: "Wewe njoo tu."

Juma hili nimeona tuzungumze juu ya jambo hilo, yaani namna tunavyopeana habari za misiba na za safari, sisi ambao ndugu zetu wametawanyika. Si jambo la siasa, wala halimo katika bajeti ya wizara yoyote, lakini sidhani kama iko nyumba katika nchi hii ambayo halijaigusa.

Tuanze na hiyo desturi ya kumficha mtu. Wanaoitetea wana hoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mtu yuko Mtwara, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga. Ukimwambia saa tano za usiku kwamba baba yake mzazi amefariki dunia, nani atamshika? Atapandaje basi alfajiri? Na kama ana gari, ataliendeshaje? Kwa hiyo wazee huona heri aambiwe mgonjwa, asafiri na matumaini yake, na akifika atakuta watu wa kumpokea. Hiyo ni huruma, na mimi siicheki hata kidogo.

Lakini tazama inavyokuwa. Huyo ndugu anafunga mkoba wa mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Anaomba ruhusa kazini ya kwenda kuuguza, na bosi wake anamwambia avumilie mpaka Ijumaa, kwa maana ugonjwa unaweza kusubiri. Watoto anawaacha kwa jirani, kwani hospitali si mahali pa kupeleka watoto. Njiani ananunua machungwa. Anashuka stendi, anachukua bodaboda, na wanapokata kona ya kwenda kwao anaona maturubai yamefungwa, viti vya kukodi vimepangwa, na vijana wanapasua kuni. Basi amekwisha pata habari. Ameambiwa na turubai, huku ameshika mfuko wa machungwa.

Na liko dhara jingine ambalo hatulitazami. Tumelichosha neno lenyewe. Siku hizi mama akiumwa kweli, akawa anataka kumwona mwanawe angali anaweza kumtambua, inabidi apewe simu mwenyewe aseme mawili matatu ili mtoto aamini kwamba anakwenda kuuguza na wala si kuzika. Tumefika mahali ambapo mgonjwa hana budi kujitolea ushahidi kwamba yu hai.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa redio, na miongoni mwa kazi nilizopangiwa nilipoanza ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Katika Tanzania Bara, kabla redio za watu binafsi hazijaanza katikati ya miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyofika karibu kila pembe, na matangazo ya vifo yalikuwa sehemu ya siku kama ilivyokuwa taarifa ya habari. Wenye umri wa kukumbuka wanaujua ule muziki wa huzuni uliotangulia. Ukipigwa, nyumba nzima ilinyamaza. Aliyekuwa anatwanga aliweka mchi chini. Kisha msomaji akaanza: Fulani bin Fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi kilichotokea jana katika hospitali ya wilaya. Mazishi yatafanyika kesho saa kumi alasiri nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Kilosa, shangazi wa marehemu aliyeko Tabora, mtoto wa marehemu aliyeko jeshini, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Vijana wa leo wakisikia kanda za zamani huona matangazo hayo ni makavu. Nawaomba wayasikilize tena. Tangazo lile lililipiwa. Mtu aliliandika kwenye karatasi, akasimama dirishani, akalipa, kwa hiyo hapakuwa na neno la kupoteza. Pamoja na hayo, halikuacha kitu. Lilikwambia anayetangaza ni nani, ili ujue habari ina mwenyewe. Lilikwambia aliyefariki ni nani kwake. Lilisema ni wapi na lini, na kubwa zaidi, lilitaja saa ya mazishi, ili kila mmoja apige hesabu zake mwenyewe kama atawahi au hatawahi. Kisha likawataja walengwa kwa udugu wao na kwa mahali walipo. Orodha ile ilikuwa ramani ya ukoo. Katika orodha hiyo ulimsikia aliyefuata kazi za mkonge, aliyeajiriwa reli, mwalimu aliyehamishiwa upande wa pili wa nchi. Watoto wengi walijua kwamba wana shangazi Tabora siku walipomsikia akitajwa redioni.

Na jambo la pili kuhusu matangazo hayo ni miguu ya watu. Si kila nyumba ilikuwa na redio, na wenye redio si kila siku walikuwa na betri. Mara nyingi aliyesikia jina hakuwa mwenye msiba. Alikuwa mwenye duka, au mwalimu mkuu, au jirani wa nyumba ya tatu. Huyo hakukimbia akipiga kelele. Aliwaita watu wazima wawili, wakaenda pamoja. Wakabisha hodi, wakakaribishwa, wakakaa. Wakaulizwa habari za huko watokako, wakajibu taratibu kwamba si nzuri sana. Mwenye nyumba akaanza kuelewa kabla ya kuambiwa, na alipoambiwa, mikono ya kumshika ilikuwa karibu. Kwa hiyo habari ambayo redio iliitangazia nchi nzima, mfiwa mwenyewe aliipata kwa watu anaowajua, wamekaa naye mkekani.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Wako waliokuwa porini na ng'ombe wakapata habari baada ya majuma matatu. Wako waliozikiwa wazazi wao wakiwa na barua mfukoni ya kuwaambia kwamba wote hawajambo. Na ilikuwapo simu ya maandishi, ile telegramu, ambayo ilihesabiwa kwa maneno, na kwa sababu hiyo mtu aliandika BABA AMEFARIKI NJOO na kwisha. Watu waliiogopa karatasi hiyo kiasi kwamba wengine walianza kulia kabla haijafunguliwa, hata kama ndani ilikuwa ni habari ya mjomba aliyefaulu mtihani.

Leo kila mmoja ana simu yake ya mkononi, na habari inayochukua dakika moja kutoka Songea hadi Toronto si muujiza tena. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba kwa upande mmoja tumerudi nyuma. Habari ya msiba sasa inamkuta mtu yuko peke yake. Inamkuta amesimama katika daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Inamkuta dukani anahesabu chenji ya mteja. Tena mara nyingi haimjii kama habari. Inamjia kama pole. Mfanyakazi mwenzake amemwandikia: "Pole sana dada kwa kuondokewa na kaka." Kaka gani? Anafungua kundi la WhatsApp la ukoo, anakuta ujumbe tisini haujasomwa, picha ya mshumaa, picha ya marehemu amevaa suti ya harusi, na watu wa mbali kabisa, shemeji wa binamu, wamekwisha andika apumzike kwa amani. Mke wa marehemu yuko safarini na simu yake imeisha chaji. Watoto wako shule ya bweni. Lakini mji mzima umekwisha weka picha.

Kuna kiherehere katika jambo hili, na tukiite kwa jina lake. Mtu anataka aonekane amekuwa wa kwanza kujua. Katika kazi yetu ya habari tunafundishwa kutolitaja jina la aliyekufa ajalini mpaka ndugu wa karibu wawe wamearifiwa. Kanuni hiyo tulifundishwa darasani, na wahariri wetu walituadhibu tulipoivunja. Sasa kila mtu ni mtangazaji, na hakuna mhariri.

Na fedha nazo zimeingia. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, na huduma za namna hiyo zifike kwetu mwaka uliofuata, rambirambi na ubani vinatumwa kwa simu, na nasema hilo ni jambo jema lenye faida kubwa. Lakini nimeona ujumbe wa msiba ambao namba ya kutumia mchango imeandikwa mara mbili, na saa ya mazishi haimo. Matapeli nao wameliona pengo hilo. Wanajua kwamba mtu aliyeshtuka hutuma fedha kwanza akauliza baadaye. Kwa hiyo habari ya msiba itoke kwa sauti ya mtu unayemjua, na mchango uombwe baadaye, na mtu mwingine.

Je, tumfiche au tumwambie? Mimi nasema aambiwe, na aambiwe yote. Ila tusimwambie peke yake. Ile simu unayoikusudia kumpigia mfiwa, ipige kwanza kwa mtu aliye karibu naye. Mtu huyo yupo siku zote. Ni mwenye nyumba aliyompangisha, ni mfanyakazi mwenzake, ni mzee wa kanisa analosali, ni imamu wa msikiti wa mtaani kwake, ni mama anayeuza chakula pale anapokula mchana. Mwambie: tafadhali nenda ukakae naye, ukifika nijulishe, nitampigia. Inachukua saa moja zaidi. Saa moja hiyo si uongo. Ni ule mwendo wa jirani kutoka kwenye redio hadi kwenye mkeka, ambao tumeufuta bila kujua tumefuta nini.

Kwa wenzetu wa pwani, na kwa Waislamu wote, saa ni chache zaidi. Maiti haikawizwi. Akifa mtu Tanga asubuhi, alasiri huenda tayari yuko kaburini, na ndugu aliyeko Mwanza hawezi kuwahi kwa basi lolote. Huyo aambiwe bila kuzungushwa: tunazika leo baada ya swala ya alasiri, hutawahi, usijihatarishe barabarani, njoo kwa utulivu tukusubiri kwenye hitima. Neno "hutawahi" ni gumu kulitamka, lakini linamwokoa mtu na mbio zisizo na faida.

Halafu wako wale wa ng'ambo, hasa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Muscat na miji mingine ya Ghuba. Kwa wengi wao kurudi si rahisi, kwani ruhusa ni ya mwajiri na tiketi ina bei yake. Hapo familia husema: tusimwambie, atalia bure na hawezi kuja, tumwambie akirudi. Nimelisikia hilo mara nyingi, na siliafiki. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, aliye mbali anaweza kumsalia maiti wake swala ya ghaibu huko huko aliko. Dada huyo angeweza kuswali siku ile ile, na wenzake wa nyumbani kwao waliopo mji huo wangekusanyika kwake Ijumaa. Ukimficha, unamnyima hata hicho.

Tena ikiwa aliyefariki ni mumewe, jambo linakuwa zito zaidi. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, isipokuwa mjamzito, ambaye eda yake huisha anapojifungua. Na kwa rai ya wanazuoni wengi, eda hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya kupata habari. Kwa hiyo familia iliyokaa kimya miezi miwili "ili asihuzunike" imemwondolea karibu nusu ya eda yake, naye yuko ugenini anajipamba kwa sikukuu na kumtumia salamu mtu asiyekuwapo. Ni nani aliyetupa mamlaka hayo?

Bara mambo ni tofauti. Huko maiti husubiri chumba cha baridi siku tatu, siku tano, hata juma zima, mpaka watoto wafike. Mhaya au Mchaga aliyefariki Dar es Salaam hupelekwa kuzikwa kwao, na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Kwa takriban miaka 30 mabasi yetu hayakuruhusiwa kutembea usiku, mpaka amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2023. Mfiwa wa Bukoba alilazimika kulala njiani, Kahama kwa mfano, na kuendelea alfajiri. Leo basi linaweza kupitiliza. Lakini wafiwa wengi hawapandi basi. Wanachangishana mafuta, wanachukua gari la mmoja wao au wanakodi Coaster, na wanaendesha usiku kucha, dereva akiwa ni mtoto wa marehemu ambaye hajalala tangu juzi. Mara ngapi tumesoma katika taarifa ya habari kwamba waliokuwa wakienda kuzika nao wamezikwa?

Hapa ndipo ninaposema kwamba saa ya mazishi ni sehemu ya usalama barabarani. Mtu aliyeambiwa "njoo haraka" atakimbia, kwa sababu hajui haraka hiyo mwisho wake ni wapi. Mtu aliyeambiwa "tunazika Jumamosi saa nane, hatutafunika kaburi kabla hujafika, lala Singida" atalala Singida.

Na upande wa safari, kuna habari ambayo anayesafiri naye anadaiwa. Wazee wetu hawakuondoka bila kuaga. Tulidhani ni adabu tu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na Taifa likaomboleza siku tatu. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430 na ilibeba wengi zaidi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwamo katika orodha ya majina. Basi nani alijua fulani alikuwamo? Alijua yule aliyeagwa. Orodha ya daraja la tatu ilibaki katika vichwa vya watu: mke aliyesema mume wangu alisema anapanda meli ya jana, mama aliyesema mwanangu aliniambia atafika leo. Na ambaye hakumwambia mtu, watu wake walibaki wakisubiri, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, hawajui wafunge turubai au wasifunge. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, na maswali yalikuwa yale yale: walikuwa wangapi, na ni akina nani?

Ujumbe wa maneno manne, "napanda basi saa hii", hauna gharama siku hizi. Taja na jina la basi. Na ukifika sema umefika, hata kama ni usiku, hata kama unaona aibu kuwasumbua, maana yuko mzee mahali fulani anayejifanya amelala.

Nimalizie kwa jambo dogo ambalo familia nyingi hulikuta siku yenyewe. Zamani namba na anwani zilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa kabatini. Sasa ziko ndani ya simu ya marehemu, na simu ina namba ya siri aliyoondoka nayo. Rafiki zake wa kazini, aliosoma nao, wanaomdai na anaowadai, wote wamefungiwa humo. Mwenye wazazi na amwombe mzee wake ampe majina kumi ya watu ambao angetaka waarifiwe, ayaandike kwenye karatasi, na mzee mwenyewe aseme nani aanze. Wazee hawachukizwi na swali hilo kama tunavyodhani. Wengi wana orodha tayari, na hawajapata wa kuwauliza.

Na ile simu iliyofungwa isizimwe. Haifunguki, lakini ikipigwa inapokeleka. Apangwe mtu mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya utulivu, akae nayo na kuichaji, hata hadi arobaini ipite. Ikiita ni kwamba yuko mtu huko mbali ambaye habari hazijamfikia, naye anataka kumjulia hali. Apokee, ajitambulishe kwa jina na udugu wake, na kabla hajasema neno jingine amuulize yuko wapi, na yuko na nani.